Kuwapeleka Watoto Matembezini: Mwongozo Kamili kwa Kikundi cha Kanisa Kinachojitolea

Mara ya kwanza tulipowapeleka matembezini watoto wa kituo kimoja cha kulelea watoto, tuliwashonea fulana za rangi ya machungwa. Kifuani tuliandika, kwa herufi kubwa, "Siku ya Watoto Yatima". Tuliona tumefanya jema: wangeonekana kwa mbali, wasingepotea. Saa nne asubuhi nilimkuta mvulana wa miaka kama 11 amejibanza nyuma ya basi, anavua fulana yake, anaigeuza ya ndani nje, anaivaa tena. Alipotokeza alikuwa amekunja mikono kifuani ili hata kivuli cha maandishi yale kisisomeke. Hakusema neno. Kufikia mchana watoto 9 walikuwa wamegeuza zao.

Sijaisahau fulana ile, na mengi ya yaliyomo humu yametokana nayo. Mtoto anayeishi katika mazingira magumu amezoea kuwa mmoja wa kundi: mmoja katika foleni ya chakula, mmoja wa wanaogawiwa nguo, mmoja wa wanaoimbishwa wageni wakija. Ninachoamini, baada ya matembezi mengi, ni kwamba siku inayobaki moyoni mwake ni ile ambayo kuna mtu alimjua kwa jina, akamsikiliza, akamwacha achague. Hatua zote zinazofuata, hata zile za fomu na vyoo, zinalitumikia jambo hilo.

Hatua ya 1: Anzeni kwa mlezi

Vikundi vingi huanza kwa kutafuta basi. Basi likipatikana, ndipo wanatafutwa watoto wa kulijaza, na kuanzia hapo idadi ya viti ndiyo inayoamua kila kitu. Ninyi anzeni kwa mtu anayewalea kila siku: mkuu wa kituo, bibi anayelea wajukuu, mama mlezi, mwalimu wa darasa. Nendeni wawili au watatu, mikono mitupu, miezi mitatu hivi kabla ya siku mnayoifikiria. Kaeni msikilize. Mlezi ndiye anayejua kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndugu huja kuwaona, kwamba fulani akipanda gari hutapika, kwamba yule mkimya anaogopa mbwa.

Muulizeni pia kama matembezi yanahitajika kweli, na lini. Mama mlezi mmoja alitueleza kwa upole kwamba ndani ya mwezi mmoja walikuwa wamepokea vikundi vitatu, kila kimoja na keki yake na kamera yake, na watoto walikuwa wamechoka. Akatuomba tuje likizo ndefu, wakati shule zimefungwa na hakuna anayewakumbuka. Tulisubiri miezi minne. Sijutii hata siku moja ya kusubiri kule.

Ruhusa iwe ya maandishi, kwa kila mtoto, ikitaja tarehe, mahali, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Kwa watoto wa vituo, sahihi ya mkuu wa kituo huenda isitoshe; ofisi ya serikali inayosimamia ustawi wa watoto nayo inapaswa kujua. Ulizeni sheria ya mahali mlipo mapema, maana barua za ofisini hazina haraka.

Halafu idadi. Chukueni wachache kuliko mnavyotamani. Mwaka 1877 mchungaji Willard Parsons, aliyehudumu katika kijiji cha Sherman, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, aliwaomba waumini wake wawapokee majumbani mwao watoto maskini wa jiji la New York ili wapate kupumzika kijijini. Kazi hiyo ipo hadi leo kwa jina la Fresh Air Fund. Ninachokipenda katika mpango wake ni kwamba watoto hawakurundikwa mahali pamoja; waligawanywa majumbani, na kila nyumba ilijua inampokea nani. Watoto 16 wenye watu wa kuwajua ni bora kuliko 60 wanaoongozwa kwa kipaza sauti.

Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Wala msikubali kupewa "wenye nidhamu" peke yao. Yule msumbufu anayeachwa kila mara ndiye anayehitaji siku hii kupita wote. Kama hawatatosha kwenda pamoja, wagawanyeni kwa umri, na tarehe ya kundi la pili itangazwe kabla kundi la kwanza halijapanda basi.

Hatua ya 2: Waulizeni wenyewe

Alipokuwa akitoka Yeriko, Yesu alimuuliza Bartimayo, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Kila aliyekuwapo aliona kwamba mtu yule ni kipofu. Bado aliulizwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 nao unasema hivyo kwa lugha ya sheria: ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na ibara ya 31 inamtambulia haki ya kupumzika na kucheza. Kwa hiyo matembezi haya si hisani tupu, ni sehemu ya haki yake.

Tatizo ni kwamba mtoto aliyezoea kupewa husema kile anachodhani mgeni anataka kusikia. Ukimuuliza "Mnataka kwenda wapi?" atajibu "Popote, mwalimu." Sisi tunatumia kokoto. Tunatandaza sakafuni picha nne za mahali tunapoweza kweli kuwapeleka, kila mtoto anapewa kokoto mbili, anaziweka kwenye picha anayoipenda. Hakuna kunyoosha mikono, hakuna kutazamana. Wakati mmoja tulikuwa tumeshaanza kuchangisha fedha za kiwanja cha michezo chenye mabembea makubwa. Kokoto zikajaa kwenye picha ya treni. Walitaka kupanda treni, kufika mwisho wa safari, kula, na kupanda treni tena kurudi. Iligharimu chini ya nusu ya tulichopanga.

Msiweke picha ya mahali ambapo hamna uwezo wa kuwapeleka.

Hatua ya 3: Chagueni watu, na muwe wakali

Hapa ndipo makanisa hulegea, kwa sababu tunaona aibu kumhoji mpendwa mwenzetu. Lakini maneno ya Yesu kuhusu mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, kwamba ni afadhali afungwe jiwe la kusagia shingoni na kutoswa baharini (Mathayo 18:6), ni kati ya makali zaidi aliyoyasema. Mtu mwenye nia mbaya hutafuta mahali ambapo wema wa watu huwafanya wasiulize maswali, na kanisa ni mahali pa namna hiyo.

Kwa hiyo kila anayejitolea, awe mzee wa kanisa au mwimbaji wa kwaya, ajaze fomu, ahojiwe na watu wawili, na atoe majina ya watu wawili wasio ndugu zake wanaomfahamu. Wapigieni simu watu hao. Kama nchi yenu ina utaratibu wa kuthibitisha kwa polisi kwamba mtu hana rekodi ya makosa, utumieni. Anayekasirika kwa kuulizwa amewarahisishia kazi.

Kisha kanuni ya wawili: hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Si chooni, si kwenye gari lililoegeshwa, si "nampeleka mara moja kunywa maji". Hakuna kubadilishana namba za simu na watoto wala kuwatumia ujumbe baadaye. Kukumbatia kuanzwe na mtoto, kuwe kwa ubavuni, mbele za watu, na kuishe upesi.

Kuhusu idadi ya watu wazima, NSPCC, shirika la Uingereza linalolinda watoto dhidi ya ukatili, linapendekeza mtu mzima 1 kwa watoto 6 wenye miaka 4 hadi 8, mmoja kwa 8 wenye miaka 9 hadi 12, na mmoja kwa 10 wenye miaka 13 hadi 18, na wasipungue watu wazima wawili kwa vyovyote. Hicho ni kiwango cha chini. Kwa siku ya namna hii mimi naenda na mtu mzima kwa watoto wanne, na juu ya hao wawili wasio na kundi kabisa: mmoja mwenye sanduku la huduma ya kwanza, mwingine mwenye orodha na simu. Kundi liwe na wa kiume na wa kike.

Wiki moja kabla, kila mtu apewe majina ya watoto wake wanne na mambo mawili matatu aliyoyasema mlezi. Ayashike kichwani. Jioni moja kutaneni kwa saa mbili mjifunze namna ya kuzungumza nao. Maswali yasiyoulizwa ni haya: "Mama yako yuko wapi?" "Ulifikaje kituoni?" "Baba alikufa kwa nini?" Mtoto ameshayajibu mara nyingi mno, kwa wageni wengi mno. Zungumza naye yaliyo mbele ya macho yenu: ndege yule, daraja lile, nani kati yetu ana miguu mikubwa. Akitaka kusema ya kwao, atasema.

Asiyeweza kuiweka simu mfukoni siku nzima abaki nyumbani atuombee.

Hatua ya 4: Kagueni mahali na njia

Nendeni wenyewe kabla, siku ileile ya wiki na saa zilezile, maana mahali palipo kimya Jumanne huwa na umati Jumamosi. Hesabuni vyoo na muingie ndani yake. Tazameni maji ya kunywa, kivuli, mahali pa kujikinga na mvua, njia ya kiti cha magurudumu, uzio, milango ya kutokea, na hospitali iliyo karibu pamoja na muda wa kufika huko. Chagueni pale pale mahali pa kukutania mtu akipotea: mti mmoja, sanamu, kitu kisichohama.

Maji yanahitaji uamuzi wa pekee. Mtoto anayezama hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Mara nyingi anazama kimya, karibu na watu, ndani ya dakika chache. Kama hakuna mwokoaji aliyefunzwa anayekaa macho pale, basi siku hiyo hakuna kuogelea, na wala msiketi karibu na maji mkitumaini kwamba watoto watajizuia. Nimewahi kubadilisha mahali siku tatu kabla kwa sababu hiyo tu, baada ya kuambiwa kwamba mwokoaji atakuwa likizoni.

Dereva awe na leseni ya gari la aina hiyo na awe amelala usiku. Kila mtoto kiti chake, kila kiti mkanda wake. Hakuna kupakatana.

Hatua ya 5: Fomu, dawa na siri

Fomu moja kwa mtoto mmoja: majina, umri, mlezi na simu yake, magonjwa, dawa na saa zake, vyakula vinavyomdhuru, anachokiogopa, anachokipenda. Hilo la mwisho msiliache.

Mengine yanabadilisha mpango wa siku. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anywe maji mara kwa mara, asichoshwe, asipate baridi; maji baridi ya kuchezea yanaweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kundi linalokaa kivulini, ili asiwe yeye peke yake aliyetengwa. Mwenye pumu asitenganishwe na kipulizio chake. Kikae kwa kiongozi wa kundi lake, kisibaki ndani ya basi. Mtoto kiziwi awe na mtu anayejua alama zake. Na kama kuna anayemeza dawa kila siku kwa saa maalumu, ameze kwa saa hiyohiyo, faraghani, bila wenzake kujua na bila watu wenu wote kujua. Fomu zishikwe na watu wawili tu, na mkirudi zirejeshwe kwa mlezi au ziteketezwe.

Katika huduma ya kwanza, zaidi ya kusafisha magoti yaliyochubuka, watu wenu wajue angalau haya. Pua ikitoka damu, mtoto aketi ameinamia mbele na abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15; wasimlaze chali. Akipata kifafa, tazama saa, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze kwa ubavu mtikisiko ukiisha. Ukizidi dakika 5, ni dharura. Akiungua, maji safi ya kutiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala mafuta. Ni vizuri zaidi kama kati yenu kuna muuguzi.

Fedha, kwa ufupi

Pangeni kwa mfuatano huu: usafiri salama, chakula na maji, viingilio, dharura, na mwisho kabisa zawadi. Akiba ya dharura iwe sehemu moja ya kumi ya bajeti. Makundi mengi hununua zawadi kwanza kwa sababu zinapigika picha, kisha hukosa fedha ya basi la pili na kuwabananisha watoto. Aliyetoa mchango aletewe hesabu iliyoandikwa. Kumwahidi kwamba atakutana na "mtoto wake" si sehemu ya hesabu hiyo.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fikeni saa mliyosema. Kuna watoto watakaokuwa wamekaa getini tangu alfajiri, wameoga, wamevaa, na kila dakika mnayochelewa wanaanza kuamini kwamba hamji. Kama kuna kuchelewa kwa dakika hata 10, pigeni simu, mlezi awaambie.

Vitambulisho viwe na jina la kwanza tu la mtoto, vivaliwe ndani ya kituo kwa ajili ya kuzoeana, na vivuliwe kabla ya kuingia mahali penye watu, kwa sababu mgeni akimwita mtoto kwa jina, mtoto hudhani anamjua. Ili kuwatambua kwa mbali tumieni kofia za rangi moja zisizo na maandishi, na watu wazima wavae zilezile. Kikaratasi chenye namba ya simu ya kiongozi kikae mfukoni mwa mtoto.

Ndani ya basi, ugomvi wa kwanza utakuwa wa dirisha. Amueni mapema: nusu ya kwanza dirishani huyu, nusu ya pili yule, na kwa kurudi anayeanza ni wa pili. Hesabuni watoto kila mnapopanda, kila mnapofika, kila baada ya choo, na anayehesabu awe mmoja siku nzima. Awaguse begani kwa majina. Kuhesabu vichwa kwa macho kumewahi kutupa jumla sahihi huku tukiwa tumehesabu mtoto wa familia nyingine.

Ratiba iwe na nafasi. Jambo moja kubwa asubuhi, chakula, kisha saa mbili zisizo na mpango: mpira, kamba, karatasi na rangi, kukaa tu. Watu wa kanisa hatupendi nafasi tupu, tunaijaza kwa maigizo na mashindano. Tuache. Katika saa hizo mbili ndipo watoto hukusogelea na kuanza kusema.

Chakula kigawiwe wakiwa wameketi, kila kundi na mtu wake mzima akila kilekile pamoja nao. Foleni wameshapanga vya kutosha. Siku moja, katika kundi la jirani, nilimwona msichana wa miaka 8 hivi akila polepole kupita wenzake. Alikuwa anakata kila kipande katikati, nusu anakula, nusu anaificha ndani ya karatasi laini mapajani. Nilipoketi karibu naye alifunika kwa kiganja. Baadaye alimwambia kiongozi wake kwamba mdogo wake alibaki kwa homa. Tangu hapo tunaandaa vifungashio vya kuchukua nyumbani kwa kila mtoto na kwa kila aliyebaki, na tunawaambia mapema, kabla ya kijiko cha kwanza: kula ushibe, cha nyumbani kipo. Utaona mabega yanavyoshuka.

Mtoto akilia au akijitenga, usimlazimishe kufurahi. Furaha nyingine humkumbusha mtu alichopoteza. Mtu wake mzima aketi hatua chache kando yake, mahali wenzake wanapowaona, akae kimya, amwambie kwamba yupo hapo. Mara nyingi inatosha.

Mtoto akipotea: kundi lote lisimame palepale, wawili waende mahali pa kukutania, mmoja awaarifu wasimamizi wa mahali na milango itazamwe, mmoja ashike simu. Kama hajaonekana ndani ya dakika 10, pigeni polisi na mlezi. Msikawie kwa kuona haya. Akipatikana, asigombezwe.

Na jambo zito: katika siku ya namna hii mtoto anaweza kukuambia kwamba kuna mtu anamuumiza. Sikiliza mpaka mwisho, usioneshe kushtuka, usimchimbe kwa maswali. Mwambie, "Umefanya vizuri kusema, na si kosa lako." Usimwahidi siri, mwambie utamweleza mtu anayeweza kusaidia. Andika maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyohiyo, na umpe kiongozi mliyemteua kwa ajili ya ulinzi wa watoto, ambaye ataripoti kwa mamlaka. Kama anayetajwa ni mtu wa kituo au wa kanisa, habari isipitie kwake wala kwa rafiki zake. Kulimaliza jambo kama hili kwa maombi ya ndani ni kumsaliti mtoto.

Maombi na mahubiri

Tunakwenda kwa sababu ya Kristo, na hatulifichi hilo. Tunaomba kabla ya safari na kabla ya kula. Lakini chakula, kiti cha basi na tabasamu havina masharti. Kati ya watoto hao wapo Waislamu, wapo wasio na dini, wapo waliochoshwa na mahubiri ya kila mgeni. Ibara ya 14 ya mkataba nilioutaja inalinda uhuru wa mtoto katika imani na nafasi ya wazazi au walezi kumwongoza. Kwa hiyo mwelezeni mlezi mapema mtakachosema, asiyetaka kuomba asilazimishwe kufumba macho, na wito wa kuokoka usifanywe siku hii. Mtoto aliyeshiba kwa mkono wako hawezi kukukatalia, na "ndiyo" ya namna hiyo haina thamani. Yesu aliwakumbatia watoto, akawawekea mikono, akawabariki (Marko 10:16). Hatusomi kwamba aliwadai kitu.

Picha

Nasoma tena habari ya binti wa Yairo, msichana wa miaka 12. Yesu aliwatoa nje watu wote, akabaki na wazazi na wanafunzi watatu. Alipomwinua, aliamuru mambo mawili: watu wasiijue habari ile, na msichana apewe chakula (Marko 5:43). Kwangu huo ni utaratibu kamili wa picha.

Teueni mpiga picha mmoja, kwa ruhusa ya maandishi ya mlezi na kwa ridhaa ya mtoto mwenyewe siku ile. Wengine wote simu mfukoni. Picha za nyuso ni za watoto, zichapishwe na kupewa wao. Kwa taarifa ya kanisa zinatosha picha za mikono, migongo, viatu 32 vilivyopangwa kando ya nyasi. Msiweke mtandaoni uso wa mtoto pamoja na jina la kituo au neno "yatima". Atakuwa mtu mzima siku moja, na picha hiyo itakuwa bado ipo.

Hatua ya 7: Kurudi

Waambieni mwisho unakuja: imebaki saa moja, imebaki nusu saa, huu ni mchezo wa mwisho. Watoto waliowahi kuachwa ghafla huumizwa na kuondoka kwa ghafla, hata kama ni kuondoka kiwanjani tu. Ndani ya basi kuwe na utulivu, wengine watalala.

Watakuuliza, "Anti, mtarudi lini?" Hapo ndipo wema wetu huteleza na kusema "Hivi karibuni." Usiseme. Kama tarehe ipo, itaje. Kama haipo, sema: "Sijui kama nitarudi, ila nimefurahi kuwa na wewe leo," kisha taja kitu kimoja alichofanya yeye, kwa jina lake. Msimwambie mtoto kwamba mngependa kumchukua akae kwenu. Nimeona mtoto akifunga nguo zake kwenye mfuko kwa ajili ya maneno kama hayo yaliyosemwa bila kufikiri.

Mkabidhi mlezi mtoto mmoja mmoja, kwa orodha ileile ya asubuhi, atie sahihi. Mwelezeni nani alitapika, nani alichubuka, nani hakula.

Hatua ya 8: Wiki zinazofuata

Kutaneni ndani ya siku tatu. Kila mtu aseme kilichoenda vibaya kwanza. Wapo watakaohitaji kulia, wapeni nafasi. Mpigieni mlezi, muulizeni watoto walirudije: wakilala vizuri au wakipigana usiku kucha, yote ni habari ya kuwafundisha.

Picha zichapishwe ndani ya wiki mbili. Nyuma ya kila moja andikeni jina la mtoto, tarehe, mahali, na jina la mtu mzima aliyekuwa naye, kisha mzipeleke kwa mkono. Kwa mtoto wa kituo huenda hiyo ikawa picha yake pekee ya mwaka huo.

Mkirudi mwaka unaofuata, warudi watu wazima walewale kadiri inavyowezekana, na kila mmoja aandike kwenye daftari, jioni ya siku ya kwanza, kitu kimoja kuhusu kila mtoto wake: anayependa treni, anayeogopa mbwa, mwenye mdogo wake aliyekuwa na homa. Lisomeni daftari hilo ndani ya gari, kabla hamjashuka. Watakuwa getini.